Kiota cha nyigu: chama cha wafumaji wa asbesto kilivyofanya kazi

Aliyewahi kuwa katibu wa kikao, kiwe cha shule, cha SACCOS au cha mtaa, anajua kwamba muhtasari mzuri hausemi ugomvi. Wajumbe wanaweza kurushiana maneno saa nzima, lakini kwenye daftari inaingia sentensi moja iliyopigwa pasi: "Wajumbe walijadili na kuafikiana kwamba suala hili lisubiri." Anayesoma baadaye haoni jasho la mtu. Ndiyo maana muhtasari wa kikao kimoja cha Marekani cha tarehe 7 Machi 1957 unashangaza hadi leo. Humo imeandikwa wazi kwamba baadhi ya wajumbe wanahisi uchunguzi uliopendekezwa utachokoza kiota cha nyigu na kufanya tasnia nzima itiliwe shaka.

Uchunguzi wenyewe ulikuwa wa swali moja: wanaofanya kazi kwenye vumbi la asbesto, je, wanapata saratani ya mapafu kuliko watu wengine? Na kikao kilikuwa cha Asbestos Textile Institute, chama cha kampuni za Marekani zilizosokota na kufuma asbesto. Nitakiita Taasisi kwa kufuata jina lake, ingawa sisi tukisikia taasisi tunafikiria mahali pa utafiti, na hiki kilikuwa chama cha wafanyabiashara kama vyama vingine.

Habari za asbesto zikisimuliwa, mara nyingi husimuliwa kama hadithi ya kampuni moja katili na siri yake kabatini. Nadhani hadithi hiyo inatupotosha kidogo. Kampuni moja ikificha jambo, mshindani wake anaweza kulifichua kwa faida yake. Ili jambo lifichike miaka 30, washindani wote wanahitaji meza ya pamoja, ajenda, na katibu. Hilo ndilo ninalotaka kulifumbua hapa: meza hiyo ilikuwaje, na nini hasa kilifanyika juu yake.

Jiwe linalosokotwa

Asbesto ni mwamba, lakini mwamba wa ajabu. Kipande cha krisotile, yaani asbesto nyeupe, kikikwaruzwa kwa ukucha kinachambuka kama kumbi la nazi lililolowekwa hadi likaiva: nyuzi juu ya nyuzi. Tofauti ni kwamba usumba una mwisho wake. Ukishauchambua hadi unyuzi mmoja, basi. Unyuzi wa asbesto unaendelea kuchanika kwa urefu hadi unakuwa mwembamba usioonekana kwa jicho, na hapo ndipo unapopita puani, kooni, hadi chini kabisa ya mapafu na kukaa huko.

Nyuzi fupi za mwamba huu zilikwenda kwenye saruji ya mapaa na mabomba. Zile ndefu, ambazo bei yake ilikuwa kubwa zaidi, zilikwenda kwa wafumaji. Magunia yalifunguliwa, nyuzi zikachanganywa na pamba kidogo ili zishikane, kisha zikapelekwa kwenye mashine za kuchana: magurudumu makubwa yaliyovikwa meno madogo ya waya, yakizunguka moja dhidi ya jingine, yakinyoosha nyuzi zote zielekee upande mmoja. Kutoka hapo ni kazi inayofanana na ya kiwanda chochote cha nguo. Kusokota, kupotoa nyuzi mbili tatu kuwa moja, kufuma, kusuka. Kilichotoka kilikuwa glavu na aproni za wafua vyuma, mavazi ya zimamoto, mapazia ya kuzuia moto kwenye kumbi za maonyesho, kamba za kuzibia mvuke kwenye injini za meli, vitambaa vya kuzungushia mabomba ya moto, na mikanda ya breki na klachi.

Chumba cha kuchana ndicho kilichokuwa kibaya kuliko vyote. Paa la asbesto lina saruji inayozishika nyuzi, zikatulia mpaka mtu alikate au livunjike. Kiwandani kwa mfumaji hakuna kinachozishika. Zimekauka, ziko huru, na mashine imetengenezwa makusudi kuzitenganisha. Ndiyo maana viwanda vya nguo ndivyo vilivyosema ukweli wa asbesto mapema kuliko migodi na kuliko wajenzi.

Vilisema kupitia miili. Mwaka 1924 huko Rochdale, Uingereza, Nellie Kershaw alifariki akiwa na umri wa miaka 33 baada ya miaka ya kusokota asbesto katika kiwanda cha Turner Brothers. Kampuni ilikataa kulipa chochote, hata gharama za mazishi. Daktari William Cooke alichunguza mapafu yake, akaandika katika jarida la madaktari wa Uingereza, na mwaka 1927 akaupa ugonjwa huo jina: asbestosisi, yaani mapafu kujaa makovu hadi yanashindwa kutanuka. (Kwetu neno limechanganyika, wengi husema "asbestosi" wakimaanisha bati la paa. Hapa asbesto ni jiwe, asbestosisi ni ugonjwa.) Mwaka 1930 serikali ya Uingereza ikatoa ripoti ya Merewether na Price: kati ya wafanyakazi 363 waliopimwa, 95 walikuwa na ugonjwa huo, na miongoni mwa waliofanya kazi miaka 20 au zaidi walikuwa nao wanne kati ya watano. Mwaka uliofuata zikaja kanuni za kuzuia vumbi viwandani.

Kwa hiyo Taasisi ilipoanzishwa Marekani mwaka 1944, hakuna aliyeketi pale akiwa hajui kwamba vumbi hilo linaua. Hilo liwekwe wazi tangu mwanzo, maana mjadala wote unaofuata unahusu kiasi gani cha vumbi, ugonjwa gani, na nani aambiwe.

Kazi za kawaida za chama

Walioketi walikuwa wachache: Johns-Manville, Raybestos-Manhattan, Keasbey & Mattison, Southern Asbestos na wenzao, wenye viwanda Pennsylvania, New Jersey na majimbo mawili ya Carolina. Walikuwa washindani. Sheria ya Sherman ya mwaka 1890 inawakataza washindani wa Marekani kupanga bei au kugawana wateja, hivyo vyama vya biashara vya huko vina tabia ya kuwa na mwanasheria karibu na muhtasari ulioandikwa kwa uangalifu, ili siku serikali ikiuliza "mlikutana kufanya nini?" kuwe na jibu kwenye karatasi. Shika hilo la muhtasari.

Mengi waliyofanya yalikuwa ya maana na hayana ubaya. Mfano ni madaraja ya kitambaa. Kwa kuwa uzi wa asbesto ulichanganywa na pamba, mnunuzi alihitaji kujua anauziwa nini. Tasnia ikawa na ngazi: daraja la biashara lilikuwa na asbesto asilimia 75 hadi 80 kwa uzito, lililofuata asilimia 80 hadi 85, kisha A, AA, AAA, mpaka AAAA lenye asilimia 99 na kuendelea. Jeshi la majini likiagiza kitambaa cha AAA, halihitaji kumuuliza kila mfumaji anamaanisha nini. Taasisi ilitoa kitabu cha mwongozo chenye mambo ya namna hiyo, aina za nyuzi, uzito, unene, jinsi ya kupima. Ukikisoma unaona watu wanaoijua kazi yao na kuipenda.

Nasema hivi kwa sababu chama kama hiki hakianzi na njama. Kinaanza na idadi ya nyuzi kwa inchi. Kisha siku moja mjumbe analeta swali la mapafu, na kwa kuwa meza ipo, kamati zipo, na utaratibu wa kuamua upo, swali hilo linaingia kwenye mashine ileile. Taasisi ilikuwa na kamati ya usafi wa hewa. Swali la nyuzi kwa inchi lilikuwa na jibu ambalo kila mjumbe angefaidika nalo. Swali la mapafu lilikuwa na jibu ambalo kila mjumbe angelipia.

Fikiria hesabu ya mwenye kiwanda mmoja. Akibandika onyo peke yake, "vumbi la bidhaa hii linaua", mteja anakwenda kwa jirani ambaye furushi lake halina maandishi. Kwa hiyo kila mmoja peke yake ana kisingizio, na si kisingizio cha uongo. Lakini wakikaa mezani pamoja kisingizio kinakufa. Chama ndicho mahali ambapo wangeweza kusema: kuanzia Januari, sote tubandike onyo, na hapatakuwa na jirani wa kukimbilia. Sheria ya Sherman isingewazuia kuwaonya watu. Uwezo uleule wa kuamua pamoja kusema ndio uwezo wa kuamua pamoja kunyamaza, na onyo la kwanza la Johns-Manville kwenye bidhaa zake za kuzuia joto lilikuja mwaka 1964, miaka 20 baada ya Taasisi kuzaliwa.

Kulikuwa na jambo jingine lililopinda meza hiyo. Wajumbe hawakuwa sawa. Johns-Manville ilifuma, lakini pia ilikuwa na mgodi mkubwa Quebec, Kanada, na iliuza karibu kila kitu kilichotengenezwa kwa asbesto, kuanzia mapaa mpaka mabomba. Mfumaji mdogo akifunga chumba chake cha kuchana anapoteza chumba cha kuchana. Johns-Manville ikikubali kwamba jiwe lenyewe ndilo tatizo, inapoteza mlima.

Desturi iliyorithiwa

Ukimya ulikuwa na historia kabla ya 1944. Tarehe 1 Oktoba 1935, Sumner Simpson, rais wa Raybestos-Manhattan, alimwandikia Vandiver Brown, mwanasheria wa Johns-Manville. Mhariri wa jarida la biashara ya asbesto alikuwa ameomba ruhusa ya kuandika kuhusu asbestosisi. Simpson aliona kwamba kadiri linavyosemwa dogo kuhusu asbesto ndivyo wao wanavyokuwa salama. Siku mbili baadaye Brown akajibu kwamba anakubaliana naye kabisa: maslahi yao yanalindwa vizuri zaidi asbestosisi ikitangazwa kwa kiwango cha chini kabisa. Tazama jambo lenyewe: jarida la biashara, linalosomwa na wenye biashara, lilikuwa linaomba ruhusa kwa wenye biashara.

Mwaka uliofuata walitengeneza chombo imara zaidi kuliko barua. Kampuni kadhaa zilichanga fedha kwa ajili ya majaribio ya Dkt. Leroy Gardner katika maabara ya Saranac, jimbo la New York. Masharti yalikuwa kwamba matokeo ni mali ya waliotoa fedha, na wao ndio wataamua yachapishwe au yasichapishwe, kwa kiasi gani na kwa namna gani. Hakuna mtu aliyeombwa adanganye. Mtafiti alikuwa huru kutafiti. Alichokosa ni ufunguo wa mlango wa kutokea.

Mwaka 1943 Gardner aliona jambo asilolitafuta. Kati ya panya 11 waliovuta vumbi la nyuzi ndefu kwa muda mrefu, 9 walipata uvimbe wa mapafu. Alikuwa mwangalifu; alisema huenda panya wale walikuwa wa ukoo unaopata uvimbe kirahisi, na jaribio lirudiwe vizuri. Alifariki mwaka 1946 kabla ya kulirudia. Mwaka 1948 wawakilishi wa kampuni walikutana wakakubaliana kwamba habari za saratani ziondolewe, na ripoti iliyochapishwa mwaka 1951 ilikuja bila hizo.

Milioni tano za nini?

Hapa tupunguze mwendo, kwa sababu ndipo penye fundo gumu.

Kwa miongo miwili na zaidi, mtu akiuliza kama kiwanda cha asbesto Marekani ni salama, jibu lilikuwa namba: chembe milioni 5 za vumbi katika futi moja ya ujazo ya hewa. Chini ya hapo, sawa. Juu ya hapo, rekebisha. Namba hiyo ilitoka wapi? Mwaka 1938 idara ya afya ya serikali, kupitia Dkt. Waldemar Dreessen na wenzake, ilitoa matokeo ya kuwapima wafanyakazi 541 wa viwanda vya nguo za asbesto North Carolina. Waliona ugonjwa ni haba kwa waliokuwa chini ya milioni 5, wakapendekeza namba hiyo iwe mpaka wa muda. Wa muda, ndivyo walivyosema. Lakini wengi wa waliopimwa walikuwa na miaka michache tu kazini, nao ugonjwa huu huchukua miaka mingi kujitokeza. Tena, kabla ya madaktari kufika, wafanyakazi wapatao 150 walikuwa wameachishwa kazi. Kuupima ugonjwa mahali ambapo wagonjwa wameshaondolewa ni kama kuhesabu samaki mnadani baada ya wanunuzi kuondoka. Mwaka 1946 wataalamu wa usafi wa viwanda Marekani waliichukua namba hiyo, na neno "wa muda" likapotea njiani, kama maneno ya namna hiyo yanavyopotea.

Na hiyo milioni 5 ilihesabiwaje? Hewa ilifyonzwa kwa pampu ikapulizwa ndani ya chupa ndogo yenye maji, vumbi likabaki majini. Tone likawekwa chini ya hadubini, mtu akahesabu vidoa. Vidoa vyote: vumbi la pamba, la sakafu, vipande vya jiwe. Unyuzi mrefu mwembamba wa asbesto, ule wenye kuua, ulihesabiwa kama kidoa kimoja miongoni mwa vingine, au haukuonekana kabisa. Mtu wa kazi ya kawaida huvuta kama mita za ujazo 10 za hewa kwa zamu ya saa nane. Kwenye mpaka ule uliohesabiwa kuwa salama, hizo ni chembe zaidi ya bilioni 1.7 kwa siku moja ya kazi, na hakuna aliyejua ngapi kati yake ni asbesto.

Kwa haki, Taasisi yenyewe iliona kuna haja ya kuuliza. Ilimwita W. C. L. Hemeon, mhandisi mkuu wa Industrial Hygiene Foundation ya Pittsburgh, shirika lililoendeshwa kwa fedha za viwanda. Hemeon alizunguka viwanda vya wanachama akipima vumbi na kuangalia mitambo ya kulifyonza, na Juni 1947 akakabidhi ripoti ya awali. Hakuwa mwanaharakati. Aliandika kama fundi. Lakini alitaja viwanda viwili ambako vumbi kwa ujumla lilikuwa chini ya mpaka, na bado karibu mfanyakazi mmoja kati ya watano alikuwa na asbestosisi. Akahitimisha kwamba taarifa zilizopo haziruhusu mtu kuwa na uhakika kamili kuwa milioni 5 ni salama, wala hakuna taarifa za kutosha kutaja namba iliyo bora. Akapendekeza uchunguzi zaidi.

Hebu jiweke kwenye kiti cha mjumbe mwaka 1947. Una ripoti uliyoilipia inayosema mpaka unaoutegemea huenda hauwalindi watu wako. Unaweza kuipeleka serikalini. Unaweza kuipeleka kwa chama cha wafanyakazi. Unaweza kuitia kwenye faili. Ripoti haikuchapishwa, na milioni 5 ikaendelea kuwa namba ya Marekani kwa miaka zaidi ya 20 baada ya hapo. Kila kiwanda kilichoulizwa kingeweza kujibu, bila kusema uongo hata neno moja, kwamba kinafuata kiwango kilichokubalika.

Kwangu ripoti ya Hemeon ni nzito kuliko barua za 1935. Barua ni za watu wawili. Ripoti ilikabidhiwa chama.

Sababu tatu za kukataa

Turudi Machi 1957. Wakati huo swali limehama kutoka makovu ya mapafu kwenda saratani, na sababu iko Rochdale tena. Mwaka 1955 Richard Doll alichapisha hesabu ya wanaume 113 waliofanya kazi miaka 20 au zaidi katika sehemu zenye vumbi za kiwanda kimoja cha asbesto. Kwa viwango vya Waingereza wa kawaida, hata kifo kimoja cha saratani ya mapafu kingekuwa kimezidi kidogo kilichotarajiwa. Hesabu ilitabiri vifo 0.8. Walikufa 11. Wakurugenzi wa kampuni walijaribu kuzuia makala hiyo isitoke. Ilitoka.

Wajumbe wa Taasisi wakaletewa pendekezo la kuchunguza jambo hilohilo kwa wafanyakazi wa Marekani. Kamati ikalikataa kwa hoja tatu. Ya kwanza, wachimbaji wa Quebec wanafanya uchunguzi wao, kwa nini kurudia? Ya pili, hakuna ushahidi wa kutosha wa saratani au asbestosisi katika tasnia hii kuhalalisha gharama. Ya tatu ndiyo ile ya nyigu.

Hoja ya pili inajizunguka yenyewe: tusichunguze kwa sababu hatuna ushahidi, na ushahidi hatuna kwa sababu hatujachunguza. Tena ilisemwa na chama kilichokuwa na ripoti ya Hemeon kwenye faili kwa miaka kumi. Ya kwanza inahitaji mtu anayeijua kazi ili aione. Mchimbaji na mchanaji hawavuti vumbi la aina moja. Mgodini kuna vumbi la mwamba mwingi na nyuzi za urefu wote. Chumba cha kuchana kimejaa nyuzi ndefu zilizochaguliwa na kuchambuliwa. Baadaye sana, John Dement na wenzake walipofuatilia wafanyakazi wa kiwanda cha nguo za asbesto South Carolina, waliona kwamba kwa kiasi kilekile cha nyuzi hewani, hatari ya saratani kwa wafumaji ilikuwa kubwa mara nyingi kuliko kwa wachimbaji wa Quebec. Kumtegemea mchimbaji ampime mfumaji kulikuwa kupima mguu wa mtu mwingine kisha ukajinunulia viatu. Na matokeo ya Quebec yalipotoka mwaka 1958, kwa majina ya Braun na Truan, yalisema hatari ya saratani kwa wachimbaji haijazidi. Taasisi ikawa na jibu zuri la kuonyesha, ambalo haikulilipia.

Uingereza mwaka huohuo 1957, Turner & Newall, Cape Asbestos na British Belting & Asbestos walianzisha baraza lao la utafiti wa asbestosisi. Njia ilikuwa tofauti, ya kukubali kufadhili sayansi huku wakibaki karibu nayo. Inastahili makala yake. Hapa itoshe kusema kwamba Turner & Newall ndiyo iliyomiliki pia migodi ya Zvishavane na Mashava, Zimbabwe ya leo, hivyo unyuzi uliochanwa Rochdale huenda ulitoka chini ya ardhi ya Afrika, kwa mikono ambayo haikualikwa kwenye baraza lolote.

Nyigu wanatoka

Aliyekichokoza kiota hatimaye hakuwa mfumaji. Irving Selikoff, daktari wa New York, hakupewa orodha za wafanyakazi na kampuni, akaenda kwa chama cha wafungaji wa vifaa vya kuzuia joto, watu waliokata na kufunga bidhaa za asbesto kwenye mabomba ya majengo na meli. Chama cha wafanyakazi kilikuwa na daftari zake. Kati ya wanachama 632 aliowafuatilia, saratani za mapafu na utando wake zilikuwa 45 pale ambapo zilitarajiwa kati ya 6 na 7. Alichapisha mwaka 1964, na Oktoba mwaka huo wataalamu wakakutana New York kujadili. Mara baada ya mkutano, wanasheria wa Taasisi walimwandikia Selikoff na waandalizi wakihimiza tahadhari, ili mazungumzo hayo yasizae habari za magazeti zenye kudhuru na kupotosha.

Kilichovunjika hapo ni umiliki wa takwimu, na ndiyo sababu barua ya wanasheria haikusaidia kitu. Panya wa Saranac walikuwa mali ya waliochanga. Viwanda alivyozunguka Hemeon vilikuwa vya wanachama. Daftari za wafungaji zilikuwa za wafungaji.

Mwaka 1970 tasnia ikaunda chama kingine, Asbestos Information Association, cha kushughulika na magazeti na serikali. Serikali kuu ikaanza kuweka viwango vyake mwaka 1971, safari hii ikihesabu nyuzi, si vidoa: kutoka nyuzi 12 kwa sentimita moja ya ujazo, hadi 5 kabla mwaka haujaisha, 2 mwaka 1976, 0.2 mwaka 1986, na 0.1 mwaka 1994. Hata hiyo ya mwisho, kwa mita 10 za ujazo, ni nyuzi milioni moja kwa zamu.

Na ile mihtasari? Wagonjwa na wajane walipoanza kushtaki katika miaka ya 1970, mahakama ziliamuru makabati yafunguliwe. Barua za Simpson zilijitokeza mwaka 1977. Kumbukumbu za Taasisi zikafuata njia hiyohiyo ya mahakamani, zikiwa nadhifu, zenye tarehe na orodha za waliohudhuria. Desturi ya kuandika kila kikao ili kujikinga na mashtaka ya kupanga bei iliwapa wanasheria wa wagonjwa kile ambacho ni kigumu kukipata katika kesi yoyote: nani alikuwa chumbani, na aliambiwa nini, lini. Johns-Manville iliomba ulinzi wa kufilisika Agosti 1982.

Lakini msomaji asidhani kwamba kuwa mwanachama kulitosha kumtia mtu hatiani. Kuthibitisha kwamba kampuni ilijua ni jambo moja. Kuthibitisha njama ni jingine. Mwaka 1999 Mahakama ya Juu ya Illinois ilitengua hukumu za njama dhidi ya kampuni mbili za kioo na vifaa vya kuzuia joto, ikisema kwamba kampuni kadhaa kunyamaza kwa namna inayofanana, kila moja kwa maslahi yake, hakuthibitishi peke yake kwamba zilipatana. Kisheria naona hoja ina mantiki. Ndiyo pia inayoonyesha kwa nini kikao kina thamani kwa anayetaka ushahidi: bila muhtasari, ukimya wa watu kumi unafanana na ukimya wa watu kumi tu.

Meza zenyewe hazijaisha. Kenya ilipiga marufuku asbesto mwaka 2006, ingawa mapaa yake bado yanaonekana kwenye shule na nyumba za zamani za serikali, kama ilivyo Tanzania. Mwaka huohuo nchi wanachama wa Mkataba wa Rotterdam zilipokea pendekezo la kuiingiza krisotile kwenye orodha ya kemikali ambazo muuzaji lazima amtaarifu mnunuzi na kupata ridhaa yake kabla ya kusafirisha. Si marufuku, ni taarifa. Wataalamu wa mkataba wenyewe waliridhika kwamba vigezo vimetimia. Lakini uamuzi unahitaji wote wakubali, na zipo nchi chache zinazokataa, zikiwemo wachimbaji Urusi, Kazakhstan na Zimbabwe, huku chama cha kimataifa cha wafanyabiashara wa krisotile kikihudhuria kama mwangalizi. Kila mkutano ajenda husomwa, nchi zile husema hazikubali, na katibu huandika kwamba suala litajadiliwa katika kikao kijacho.